Mgeni Amekuja, Amekuja Mgeni: Vibainishi vya Kiingereza na Mhakiki wa Kiswahili

Katika idara ninamofundisha, tasnifu ya uzamili huandikwa kwa Kiswahili toka jalada hadi jalada, isipokuwa ukurasa mmoja. Ukurasa huo ni ikisiri ya Kiingereza. Ni maneno mia tatu hivi, nao ndio ukurasa wa pekee unaoweza kusomwa na kila mjumbe wa bodi ya masomo ya uzamili, awe ni mwanahisabati au mtaalamu wa udongo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikabidhiwa kazi ya kuupitia ukurasa huo kabla tasnifu haijafungwa. Kazi yenyewe haina heshima kubwa. Wenzangu huiita kazi ya kupanda 'the'. Mwanafunzi huleta karatasi, nami huchukua kalamu nikapanda kibainishi hapa, nikang'oa kingine pale, mithili ya mkulima aliyerithi shamba lililopandwa bila kamba.

Makala haya yamezaliwa na kalamu hiyo. Nitalitumia neno vibainishi kwa maana pana: 'the', 'a', 'an', 'this', 'every', pamoja na maneno ya idadi na kiasi kama 'few', 'little', 'many', 'most' na 'all', ambayo katika sarufi ya Kiingereza hutangulia nomino yakaeleza ni ipi inayotajwa, au ni kiasi gani chake. Idarani husemwa kwamba wanafunzi wetu huyakosea maneno haya kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi. Maelezo hayo yanapendwa kwa sababu ni mafupi. Mimi naona ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu hasa mhakiki wa fasihi.

Nitangulize kisa kimoja, kwa kuwa kilimgharimu mtu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja, ambaye hakuwa chini ya usimamizi wangu, aliandika tasnifu juu ya nyimbo za vugo, zile ambazo wanawake wa Uswahilini huziimba arusini huku pembe zikigongwa. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekaa na waimbaji mpaka wakamzoea. Ikisiri yake haikupitia mikononi mwangu. Ndani yake, mahali pa kueleza pengo la utafiti, alikuwa ameandika kwamba 'a little has been written' kuhusu nyimbo hizo. Siku ya utetezi, mjumbe mmoja asiyesoma Kiswahili alimwomba ayataje hayo yaliyoandikwa. Mwanafunzi akajibu kwamba hakuna la maana. Mjumbe akamsomea sentensi yake mwenyewe, akamwuliza: kama kipo, mbona hukukijadili, na kama hakipo, mbona umekidai? Mwanafunzi akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma pamoja na wahadhiri wengine, nikaomba ruhusa ya kusema neno. Nikaambiwa kwamba suala la lugha halikuwa mezani. Mwanafunzi akarudishwa kuandika upya mapitio ya maandishi, na mahafali ya mwaka ule yakampita.

Kwa maoni yangu hapakuwa na kitu kingine mezani ila lugha. Kiingereza kikisema 'little has been written', kinalalamika: yaliyoandikwa ni haba, karibu na kutokuwapo. Kikisema 'a little has been written', kinaonyesha akiba: kipo kitu, hata kama si kikubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa 'few' na 'a few'. Herufi moja huhamisha sentensi kutoka upande wa kukanusha ikaipeleka upande wa kukubali. Mwanafunzi yule alikusudia kulalamika, mjumbe akasoma ungamo.

Nilipokwenda kuitazama ikisiri ya Kiswahili katika tasnifu ileile, niliikuta sentensi yake ya asili: 'Ni machache yaliyoandikwa kuhusu nyimbo za vugo.' Hakuna mjuzi wa Kiswahili awezaye kuisoma sentensi hiyo akadhani anaonyeshwa akiba. Lau mwandishi angetaka kusema kinyume chake, angeandika 'Yapo machache yaliyoandikwa.' Kati ya 'ni machache' na 'yapo machache' pana tofauti ileile iliyopo kati ya 'little' na 'a little', nayo imewekwa mwanzoni mwa sentensi ambapo sikio haliwezi kuikosa. Mwanafunzi aliijua tofauti hiyo na akaitumia kwa usahihi. Jambo ambalo hakuna aliyemwambia ni kwamba Kiingereza kimeihifadhi tofauti hiyo katika neno dogo la mbele. Tangu utotoni alifundishwa 'a little' kama kitu kimoja, jina jingine la 'kidogo', kama alivyofundishwa kwamba 'a lot of' ni 'nyingi'. Hiyo 'a' haikuwahi kufunguliwa mbele yake ili aone kilichomo.

Basi, tunaposema kwamba Kiswahili hakina vibainishi, tunamaanisha nini? Tukimaanisha kwamba hakina neno la lazima la kutangulia kila nomino, hilo ni kweli. Lakini kazi ambayo neno hilo hufanya, yaani kumwarifu msomaji kama kitu kinachotajwa amekwisha kukijua au ndiyo kwanza kinaingia, Kiswahili huifanya kila siku, na kwa zana zaidi ya moja. Tuchukue mfano ulio rahisi kuliko yote. Mtu akibisha hodi na mtoto akaja mbio jikoni kusema 'Amekuja mgeni', mama ataelewa kwamba ni mtu asiyetazamiwa. Mtoto akisema 'Mgeni amekuja', mama ataelewa kwamba ni yule waliyekuwa wakimpikia. Maneno ni mawili na ni yaleyale, ila kubadilishana nafasi kumefanya kazi ambayo Kiingereza kingeifanya kwa 'a' na 'the'.

Mfumo wa ngano zetu nao umejengwa juu ya zana hizi. Msimulizi huanza kwa kusema kwamba paliondokea mtu mmoja. Neno 'mmoja' hapo halihesabu, maana hakuna aliyedhani walikuwa wawili. Linamwingiza mtu mgeni katika masikio ya hadhira. Akitajwa mara ya pili huwa 'yule mtu', na kiashiria kimeruka mbele ya nomino. Ashton, katika sarufi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1944, aliliona jambo hili, akaeleza kwamba kiashiria kikitangulia nomino hukaribia kufanya kazi ya 'the'. Kuna pia kiambishi cha mtendwa: 'mwanafunzi alisoma shairi' na 'mwanafunzi alilisoma shairi' si sentensi moja, kwa kuwa ile '-li-' ya pili inadokeza kwamba shairi hilo tunalijua. Ifahamike hata hivyo kwamba kanuni hii ina nyufa. Tunapozungumzia watu husema 'nilimwona mtu' na mtu huyo akabaki asiyejulikana, kwa hiyo kiambishi peke yake hakitoshi kuamua.

Anayezicheka zana hizi kwa kuwa si 'vibainishi halisi' na atazame vile vya Kiingereza vilikotoka. 'A' na 'an' ni masalia ya neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha moja, na 'the' imetokana na viashiria vya lugha hiyohiyo. Kilatini hakikuwa na vibainishi vya namna hii, nacho Kifaransa kilivipata kutokana na neno la Kilatini la 'moja' na lile la 'yule'. Kwa hiyo msimulizi wa Lamu asemaye 'mtu mmoja' kisha 'yule mtu' anapita njia ambayo lugha za Ulaya zilipita, ila yeye hajalazimishwa kupita kila mara. Kiarabu kimetupa hata kibainishi chake kikiwa kimekufa: alfajiri, alasiri na Alhamisi zimekuja kwetu na 'al' yake ndani, wala hatuna habari nayo tena. (Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama basi hatupaswi kusema 'alasiri ile', kwa kuwa tunakirudia kibainishi. Nilimpa alama kwa swali hilo.)

Kosa la wanafunzi wetu, kwa sehemu kubwa, ni kuhamisha zana hizi zilivyo. Akiandika muhtasari wa riwaya kwa Kiingereza, mwanafunzi atasema 'one man', kisha 'that man', kisha 'that man' tena hadi mwisho wa ukurasa, na msahihishaji asiyejua ngano atadhani ana uhaba wa msamiati. Kuhusu 'much' na 'many' sitakawia. Kiambishi cha ngeli hutufanya tuseme maji mengi, sukari nyingi, upendo mwingi na watu wengi kwa shina moja la '-ingi', nayo maji yetu yamo katika ngeli ya wingi. Anayeandika 'many researches' na 'many informations' anafuata mantiki kamili, ingawa si ya Kiingereza, na orodha ya maneno ishirini ya kukariri yatosha kumtibu.

Kwa 'the' na 'a', orodha haisaidii, na hapa ndipo suala hili linapogusa uhakiki wenyewe. Tuanze na tafsiri. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo The Merchant of Venice. Mjadala juu ya anwani hiyo huelekea kwenye neno 'bepari', na si ajabu, kwa kuwa ilitoka miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Mimi huvutiwa zaidi na ule wingi. Anwani ya Kiingereza ina 'The' na nomino ya umoja, hivyo inamwahidi msomaji kwamba mfanyabiashara ni mmoja na anajulikana. Ni nani? Kwa kufuata hadithi ni Antonio, lakini wako wasomaji ambao hujibu upesi kwamba ni Shylock. Mkanganyiko huu una umri wa tamthilia yenyewe, kwani katika daftari la wachapishaji wa London la mwaka 1598 mchezo huo uliandikishwa kwa majina mawili, moja la mfanyabiashara na moja la Myahudi. Naye Portia, anapoingia mahakamani, jambo la kwanza analotaka kujua juu ya watu hao wawili ni yupi ni yupi. Nyerere hakuwa na 'the' ya kutafsiri. Badala ya kumtafuta bepari mmoja aliyekusudiwa, aliandika wingi, na kwa wingi huo akatoa jibu: wote wawili ni mabepari. Huo ni uhakiki mzima uliofanywa katika kiambishi 'ma-'.

Mfano wa pili ni wa safari ndefu zaidi. Tamthilia ya Gogol ya mwaka 1836 ina anwani ya neno moja la Kirusi, na Kirusi, kama Kiswahili, hakina 'a' wala 'the'. Mtafsiri wa Kiingereza halazimiki kuweka kibainishi katika anwani, lakini ndani ya mazungumzo hana njia ya kukikwepa. Maafisa wa mji ule wanapompapatikia kijana mpita njia, je, wanamwona mkaguzi fulani, au ndiye yule mkaguzi waliyeonywa kwamba anakuja? Kichekesho chote kimo katika pengo hilo. Christon Mwakasaka aliileta tamthilia hiyo kwetu kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Kwa masikio yangu lile neno 'Mkuu', ambalo halimo katika anwani ya Kirusi, limechukua mzigo wa 'the'. Mkaguzi aweza kuwa yeyote. Mkaguzi Mkuu ni mmoja.

Lakini mahali ambapo vibainishi vimebeba mzigo mzito kuliko kote, kwa sisi wa taaluma hii, ni katika vitabu vilivyoandikwa juu ya Waswahili wenyewe. Ninawaomba wasomaji waende maktaba wakatazame anwani tu. Mwaka 1961 A. H. J. Prins alitoa kitabu kiitwacho The Swahili-Speaking Peoples of Zanzibar and the East African Coast. Neno 'Peoples' lina 's' ya wingi. Kinachowaunganisha watu hao, kwa mujibu wa anwani, ni kusema lugha fulani, na anwani ndogo inawagawa katika majina matatu: Waarabu, Washirazi na Waswahili. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear wakatoa The Swahili, na anwani yao ndogo inazungumzia historia na lugha ya 'an African Society'. Mwaka 1992 John Middleton akatoa The World of the Swahili, na chini yake 'An African Mercantile Civilization'. Mwaka 1994 Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, wana wa pwani yenyewe, wakatoa The Swahili, na chini yake wakataja 'an African People'.

Anwani tatu katika miaka kumi, na zote zina 'an African'. Sidhani ni sadfa. Ile 'an' inafanya mambo mawili kwa pumzi moja. Kwanza inahesabu: jamii ni moja, hazikuwa tatu. Pili inaweka katika kundi: ni moja miongoni mwa nyingine za aina yake, kwa hiyo kuwa ya Kiafrika si jambo la kuthibitishwa tena, ni jambo la kuanzia. Weka 'the' mahali pake, 'the African society', na madai yatakuwa ya kipuuzi, kana kwamba Afrika haina nyingine. Iondoe kabisa, uweke wingi, na umerudi kwa Prins. Kwa watu ambao enzi ya ukoloni kuandikwa Mwarabu au mwenyeji kuliamua kodi waliyotozwa na nafasi waliyopewa, neno hilo la herufi mbili si la mapambo. Mjadala wa miaka mingi juu ya Mswahili ni nani umefupishwa humo, na wanafunzi wangu walikuwa wakiupita bila kuuona kwa sababu walifundishwa kwamba 'an' ni 'a' iliyokutana na irabu.

Niliwapa darasa la uzamili zoezi la kuitafsiri anwani ya mwaka 1994. Wapo walioandika 'watu wa Kiafrika'. Tafsiri hiyo ina kasoro, kwa kuwa haitenganishi watu kadhaa na umma mmoja. Wengine wakaandika 'jamii ya Kiafrika', na hapa umoja umepatikana lakini ule uanachama umefifia. Mwanafunzi mmoja, mtu wa Kwale asiyependa kusema sana darasani, aliandika 'jamii mojawapo ya Kiafrika'. Tulikaa na neno hilo saa nzima. 'Mojawapo' inahesabu na inaweka katika kundi, yote mawili, kama ile 'an'. Na tena inafanya hivyo kwa uwazi ambao Kiingereza hakina, kwa sababu 'an' hupitwa na jicho, ilhali 'mojawapo' humlazimisha msomaji aulize: miongoni mwa zipi? Tangu siku hiyo sijaweza kusema mbele ya darasa kwamba Kiswahili hakina vibainishi.

Upande wa pili wa shilingi ni ile 'the' ambayo humgeuza mtu mmoja akawa aina nzima. Kiingereza husema 'the lion' kwa maana ya simba wote, na hapana madhara. Kikisema 'the African' au 'the Swahili woman', madhara yapo, maana msomaji anaahidiwa kiumbe mmoja anayejulikana, na asipomjua yeye ndiye mwenye upungufu. Tazama yaliyoupata utenzi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858, na aliyekuwa akisemeshwa ni binti yake, Mwana Hashima. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha pamoja na tafsiri, na katika anwani yao ya Kiingereza wakasema kwamba ni nasaha za Mwana Kupona juu ya 'the Wifely Duty'. Wangeweza kutumia wingi wa nomino, yakawa mambo kadhaa ambayo mama mmoja mgonjwa, mke wa mtawala wa Siu, aliyaona yanamfaa mwanawe. Lakini 'the', umoja, na herufi kubwa mbili juu yake, vimeufanya wajibu huo uwe mmoja, unaojulikana, na wa kila mke.

Sisemi kwamba utenzi haukuvuka kizingiti cha nyumba ile. Ulivuka, na mtunzi mwenyewe alitaka wanawake wengine wausome. Ninachosema ni kwamba hatua ya kutoka kwa binti hadi kwa wanawake wa mji, na kutoka kwao hadi kwa 'mwanamke wa Kiswahili', ni hatua mbili kubwa, na kila moja inahitaji hoja yake. Kibainishi kimezivusha zote mbili bila hoja. Wahakiki waliokuja baadaye, wale wanaoushutumu utenzi kwa kumdhalilisha 'the Swahili woman' na wale wanaoutetea kwa niaba yake, wanagombana juu ya mtu ambaye anwani ya mwaka 1934 iliwatengenezea. Nimekuta katika ikisiri nilizosahihisha sentensi iliyoanza na 'the Swahili woman' na kumalizika na beti nne za utenzi mmoja. Kalamu yangu huweka hapo 'a mother', na pembeni swali: wa wapi, na lini?

Maneno ya idadi nayo yana udhaifu huu. Kiswahili kina 'wengi' na kina 'walio wengi', na mazoea yametufanya tuandike 'wahakiki wengi wanakubaliana' hata pale tulipowasoma watatu. Katika Kiswahili jambo hili husameheka, kwa sababu 'wengi' haikuahidi hesabu. Mwanafunzi akilitafsiri kuwa 'most critics', ameahidi kwamba aliwahesabu na wakazidi nusu. Vivyo hivyo kwa 'wote' na ukanushi. 'Washairi wote hawakufuata arudhi' inaweza kusikika kama hakuna aliyefuata, ilhali aliyeandika alitaka kusema 'si washairi wote waliofuata arudhi'. Kiingereza cha 'all poets did not' kina utata uleule, na tasnifu inayohoji mgogoro wa ushairi huru haiwezi kuubeba utata huo ikafika salama.

Wenye kudhani kwamba haya ni mambo ya wasomi wa fasihi tu na wazikumbuke thuluthi mbili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 27, inadai hatua zichukuliwe ili wajumbe wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Uzito wote umo katika 'wasizidi'. Ni dari, na dari hiyo haitaji wanaume wala wanawake. Katika mazungumzo, sharti hilo limekatwa likawa 'sheria ya thuluthi mbili', na neno la maana kuliko yote likaachwa nje. Limebaki hesabu isiyo na mwelekeo, ambayo kila mtu huigawa apendavyo. Mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutopitisha sheria ya kutekeleza sharti hilo. Bunge halikuvunjwa. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyolizuia, lakini nimewasikia watu wazima wakibishana kuhusu thuluthi mbili ni za nani, na ubishi huo usingekuwapo lau 'wasizidi' ingaliachwa mahali pake.

Mwaka huu kamati ya mitaala imenitaka nitunge jaribio la vibainishi kwa wanafunzi wanaoingia uzamili. Walichokuwa wakikitazamia ni sentensi hamsini za Kiingereza zenye nafasi wazi, mwanafunzi ajaze 'a', 'the' au mstari. Nimewapelekea kitu kingine. Kuna aya mbili za mwanzo wa ngano, ambazo mwanafunzi atazitafsiri, na chini ya kila nomino ataeleza kwa Kiswahili kama hadhira imekwisha kukijua kitu hicho, na ni neno gani la ngano lililomwambia hivyo. Kuna anwani tano za vitabu. Kuna 'Amekuja mgeni' na 'Mgeni amekuja'. Mwenyekiti ameniuliza karatasi kama hiyo itasahihishwaje. Nimemjibu kwamba itasahihishwa polepole, na kwamba niko tayari kuzichukua zote nyumbani.